Somo la Vikundi: Pesa za Nyumbani kwa Mzazi Aliye Peke Yake



Somo hili tuliahidi kuliandika tangu tulipozuru vikundi vya ng'ambo ya Mto Sabaki, na tumechelewa. Tumechelewa kwa sababu ndani yake kuna jambo lisilotupendeza kulisema. Lakini bila jambo hilo somo litakuwa maneno matupu, basi tuanze nalo.

Katika kikundi kimoja tunachokitembelea upande wa Magarini kulikuwa na mama wa watoto wanne. Jina lake na la kikundi tunayaacha. Mumewe alikuwa akifanya kazi hotelini Malindi. Hoteli zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, alikaa nyumbani miezi miwili, kisha akaenda Mombasa kutafuta. Mwanzo alituma pesa kwa simu kila wiki, baadaye kila mwezi, baadaye simu ikawa haishikwi. Mama akabaki na watoto, minazi kumi na mmoja na mbuzi watatu. Asubuhi alichoma mahamri, mchana alishona makuti.

Kanuni ya kikundi ilikuwa sh. 200 kila Jumatano, na asiyeleta hutozwa faini ya sh. 50. Mama huyu alikopa sh. 10,000 ili apanue biashara ya mahamri. Mei 2022 kijana wake wa kwanza akaitwa Kidato cha Kwanza. Sh. 6,000 za mkopo zikaenda kwa sare, viatu, vitabu na godoro. Mvua za mwaka zilikuwa zanyesha, wateja wa asubuhi wachache, makuti hayana mnunuzi. Ilipofika Agosti, deni na faini vilikuwa vimemfika shingoni. Kamati ikaenda nyumbani kwake ikafungua mbuzi watatu.

Na sisi tulikuwepo. Tulikaa katika kamati ile kama washauri, tukasema kanuni ni kanuni. Mama aliacha kikundi. Mwaka uliofuata kijana wake aliacha shule akaenda kubeba mawe machimboni.

Tulirudi kwake baadaye, tukamwomba radhi, kisha tukamwomba akae nasi tuangalie hesabu zake pamoja, maana tuligundua kwamba tulikuwa tumemhukumu bila kuzijua. Mengi ya somo hili tulijifunza katika kibaraza chake.

MZAZI WA PEKE YAKE NI NANI?

Tukisema mzazi wa peke yake, wengi humfikiria msichana aliyezalishwa akaachwa. Huyo yupo, lakini si yeye tu. Yuko mjane. Yuko mke ambaye mumewe yu hai lakini haonekani wala hatumi kitu, na huyu ndiye mwenye taabu ya kipekee, kwa sababu majirani humhesabu kuwa ana mume na hata basari yampita. Yuko baba aliyefiwa na mkewe. Wanaume hawa ni wachache vikundini, si kwa sababu hawapo bali kwa sababu wanaona haya kuketi na akina mama. Yuko pia nyanya, hawe kwa Kigiriama, anayelea wajukuu wakati binti yake yuko Saudia kwa kazi za nyumbani.

Wote hawa wana shida moja ambayo haiandikwi katika fomu yoyote: wakati. Nyumba ya watu wawili, mmoja akienda na mtoto zahanati, mwingine afungua biashara. Nyumba ya mtu mmoja, mtoto akipata homa siku tatu, biashara imefungwa siku tatu. Halafu kuna kazi ambazo mama huzilipia pesa taslimu kwa sababu hana mwanamume wa kuzifanya. Mkwezi wa minazi hulipwa kwa kila mnazi anaopanda, nazi ziwe nyingi au chache. Kuezeka upya kabla ya mvua, kuchimba choo, kurudisha ua ulioanguka, yote yalipwa. Kikundi kikisema "sote tuko sawa, sote tulete sh. 200", inafaa kijiulize sawa hiyo imepimwa kwa kipimo gani.

HESABU YA MAHAMRI

Tulipokaa na mama yule tulimwuliza: biashara yako yakupa faida? Akasema ndiyo, kila siku arudi na pesa mkononi. Tukaandika. Bei hizi ni za mfano, nyinyi mtaweka za kwenu:

Unga wa ngano kilo mbili, sh. 170. Mafuta nusu lita, sh. 150. Sukari, sh. 40. Nazi moja, sh. 40. Hamira na iliki, sh. 20. Kuni, sh. 60. Jumla sh. 480.

Hapo apata mahamri 60, kila moja sh. 10, yaani sh. 600. Faida sh. 120. Si mbaya. Lakini tukamwuliza: watoto wanakula nini asubuhi? Akacheka. Wanakula mahamri, manane kila siku. Hiyo ni sh. 80. Na wale wanaochukua kwa deni? Mahamri matano hivi kila siku hayalipwi, ni sh. 50. Sasa tuondoe: sh. 600 toa 80 toa 50, zabaki sh. 470. Naye ametumia sh. 480.

Kila siku mama huyu aliamka saa kumi usiku, akapuliza moto, akatembea na ndoo kichwani, na akapata hasara ya sh. 10. Hakujua, kwa sababu pesa za unga, za nyumbani na za mkopo zilikaa katika leso moja na kufungwa fundo moja. Pesa zapita mkononi, waona ni faida, kumbe ni mtaji wajila wenyewe.

Hapa tusije tukakosea kama walivyokosea washauri wengine, wakamwambia mama awanyime watoto kifungua kinywa. Mahamri manane yale si hasara, ni chakula. Kama asingeyapika angenunua mkate. Dawa yake ni kuyalipia: kila asubuhi atoe sh. 80 katika pesa za nyumbani aziweke katika pesa za biashara. Akifanya hivyo aona wazi kwamba biashara yalisha watoto asubuhi. Hilo ni jambo kubwa, na aona pia kwamba kinachomwangusha ni yale matano ya deni.

Kwa hivyo fundo moja likawa matatu: la biashara, la nyumbani, na la shule. Wengine hutumia mikebe. Mama yule hajui kuandika, basi binti yake wa darasa la sita ndiye aliyeshika daftari, akichora hamri kwa biashara, sufuria kwa nyumbani na kitabu kwa shule. Tuliona jambo lingine hapo ambalo hatukulitarajia. Mtoto aliyeona hesabu kwa macho yake hakuomba tena pesa kwa kulia. Siku moja alimwambia mamake, "wiki hii fundo la kitabu li tupu, nitamwambia mwalimu nitaleta Ijumaa." Wazazi wengi huwaficha watoto umaskini wa nyumba. Twaona ni heri mtoto mkubwa ajue, hasa msichana. Msichana asiyejua kama mamake ana sh. 100 ya sodo au hana, huenda akamwomba mtu mwingine, na huyo mtu hatoi bure.

MWAKA WETU HAUGAWANYIKI SAWASAWA

Vitabu vya mafunzo husema: panga bajeti ya mwezi. Ushauri huo wamfaa mwalimu anayepata mshahara. Huku kwetu pesa hazifuati mwezi, zafuata pepo na mvua.

Tazameni. Kuanzia Novemba hadi Machi kuna kaskazi. Bahari imetulia, samaki wapo, mama karanga ana kitu cha kukaanga. Watalii wako Malindi na Watamu. Maembe na korosho vyaiva. Mwenye nguvu hakosi kibarua. Kisha Aprili yaja, kusi yaanza kuvuma, bahari yachafuka, mvua za mwaka zanyesha, hoteli zapunguza watu. Shamba lataka mbegu na palizi, na ghala la mahindi li tupu mpaka mavuno ya Agosti. Na ni hapo hapo, mwisho wa Aprili au Mei, shule zafungua muhula wa pili.

Tulipochora mambo haya chini kwa kijiti, akina mama wenyewe walisema: karo ya Januari haituui, ituuayo ni ya Mei. Wakakumbuka kwamba wengi waliowahi kuuza mbuzi kwa bei ya kutupa waliuza Mei.

Basi mzazi wa peke yake asipange mwezi, apange mwaka. Fundo la shule lijazwe kati ya Desemba na Machi, wakati pesa zaonekana nyingi na sherehe na harusi zatuita. Ni vigumu, twajua. Jirani akikuona wauza samaki kila siku atakuja kukopa. Ndiyo maana pesa za Mei zisikae nyumbani. Zikae kwenye sanduku la kikundi, chini ya jina la shughuli yake, na makubaliano kwamba hazitoki mpaka Aprili.

Katika hesabu ya mwaka weka pia matibabu. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kwa asiye na mshahara ada ya chini kabisa ni sh. 300 kwa mwezi, na hulipwa ya mwaka mzima, yaani sh. 3,600. Kwa mama wa mahamri hiyo ni faida ya siku 30, hata bila kutoa chochote kwa watoto. Ni nyingi. Lakini mzazi wa peke yake akilazwa hospitali hakuna wa kumshikia nyumba, kwa hivyo twashauri fedha hizi zikusanywe Januari na Februari, si siku ya ugonjwa. Na kujisajili peke yake hakugharimu kitu. Jisajili na uwaandikishe watoto.

NAZI ILIYO JUU

Kuna mtego wa zamani hapa pwani. Mama ana minazi, karo yahitajika kesho. Mnunuzi aja asema: nipe nazi zako za miezi ijayo, nikupe pesa leo. Wengine waweka minazi yenyewe rehani. Mama apata sh. 3,000, na mwenzake avuna mara mbili au tatu. Tukihesabu riba ya jambo hili tutaona kwamba hakuna benki yenye riba kama hiyo.

Siku hizi mtego umeingia katika simu. Tufanye mfano wa mkopo wa sh. 1,000 kwa siku 30, ada yake asilimia 7.5. Sh. 75 yaonekana ndogo. Lakini mama anayelipa leo na kukopa tena kesho, mwaka mzima, atalipa ada ya sh. 900 kwa kutumia sh. 1,000 ile ile. Mkopo wa Hustler Fund, ulioanzishwa Novemba 2022, una riba nafuu, asilimia 8 kwa mwaka, lakini ule wa mtu binafsi warudishwa baada ya siku 14. Kwa kununua samaki asubuhi na kuwauza jioni, wafaa. Kwa karo haufai hata kidogo, kwa sababu karo hairudishi pesa baada ya siku 14. Kosa letu na mama yule lilikuwa hili hili: mkopo wa biashara ulikula karo, nasi tulikuwa hatuna mkopo wa karo wa kumpa.

BABA YUKO WAPI?

Wanakikundi, jambo hili twalizungumza kwa sauti ya chini, na watoto ndio waumiao.

Zamani Kenya ilikuwa na sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto matunzo. Bunge liliifuta 1969. Sheria ya Watoto ya 2001 ilirudisha jambo hilo, lakini kwa wazazi wasiooana mzigo wa kwanza ukabaki kwa mama. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, ilibadilisha mambo: mama na baba wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022 imefuata hapo hapo.

Kwa mila za Kimijikenda mahari ndiyo humpa baba haki juu ya watoto. Basi tumesikia wanaume wakisema mbele ya wazee, "mimi sikutoa mahari, watoto ni wa kwao mama." Kwa mambo ya ukoo na jina wazee watazungumza. Lakini kwa chakula, shule na matibabu, neno hilo halimwondolei baba jukumu lake mbele ya sheria.

Njia ni hii. Nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako. Huhitaji wakili wala pesa. Chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki, namba ya simu ya baba na mahali afanyapo kazi. Kama aliwahi kutuma pesa kwa simu, usifute jumbe zile, ni ushahidi kwamba alimkubali mtoto. Afisa atamwita baba, na wengi hukubaliana hapo na kutia sahihi. Makubaliano si lazima yawe ya pesa taslimu mkononi mwa mama. Baba anaweza kulipa karo moja kwa moja shuleni, au kuleta gunia la mahindi. Tumeona mapatano ya namna hii yakidumu kuliko yale ya pesa, kwa sababu baba hana neno la kusema kwamba mama azila. Akikataa kabisa, jambo huenda mahakama ya watoto. Akina mama wa FIDA wana ofisi Mombasa na husaidia kesi kama hizi.

Kama mtoto hana cheti kwa sababu baba hayupo, usingoje. Cheti hupatikana bila jina la baba. Na mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kwamba sheria iliyozuia jina la baba kuandikwa pale wazazi hawakuoana yaenda kinyume cha Katiba. Bila cheti mtoto hupata taabu kuandikishwa mtihani, na hilo hujulikana siku ambayo muda umekwisha.

Neno moja la tahadhari: aliyekuwa akipigwa asiende peke yake kuzungumza na mume. Aende kwanza kwa afisa.

KIKUNDI KIBADILISHE NINI?

Mwaka 1991 huko Niger, nchi ya jangwa kuliko Ganze na Bamba, shirika la CARE lilianza na akina mama vikundi vya kuweka akiba ndani ya sanduku, na mtindo huo umeenea Afrika nzima. Sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Katika vikundi vingi vya aina hii leo, mwanachama hanunui kiasi kimoja kila mkutano. Ananunua hisa, moja hadi tano. Hisa ikiwa sh. 50, mama wakati wa kaskazi anunua tano, na wakati wa kusi anunua moja, na hakuna faini, hakuna aibu. Mwisho wa mwaka kila mtu agawiwa kwa hisa zake.

Tulipokipelekea kikundi kile cha Magarini mtindo huu, mwenyekiti alisema utawafanya watu wavivu. Walijaribu. Mwaka wa kwanza akiba haikupungua, na waliokuwa wakijificha siku ya Jumatano walirudi kuketi. Kando yake waliweka mfuko wa jamii, sh. 20 kila mkutano, wa ugonjwa na msiba. Na mkopo wa shule wakautenga na wa biashara: watolewa Mei, walipwa kidogo kidogo kuanzia mavuno mpaka Januari.

Kanuni ya kuchukua mali waliijadili mikutano mitatu. Wengine walisema bila woga watu hawatalipa. Mwishowe wakaandika kwamba kabla ya kamati kufika nyumbani kwa mtu, watu wawili waende kwanza na daftari waone hesabu, na kwamba mifugo ya mama, sufuria na cherehani haviguswi.

YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

Chukueni hesabu ya mahamri, mweke biashara ya mmoja wenu aliye tayari: samaki, kachiri, makuti, au mabuyu. Chakula cha watoto chahesabiwa wapi?

Choreni mwaka wenu chini. Mwezi gani wauza kitu usichotaka kuuza?

Katika kikundi chenu ni nani ameacha kuja mikutanoni mwaka huu? Nani alikwenda kumwuliza sababu?

Mkopo ukikwama, nyinyi mwachukua nini, na mwaacha nini?

Mama yule amerudi kikundini. Anunua hisa mbili, wiki nyingine moja. Kijana bado yuko machimboni, lakini ameanza kuuliza habari za chuo cha ufundi. Kikundi kilimrudishia mbuzi mmoja. Wale wawili walikuwa wameshauzwa.